Toleo la Nane la Sieb

Toleo la nane la Sieb lilitoka Jumanne saa nne asubuhi, na mtu wa mwisho kujua alikuwa Gerlinde Rauch, mwenye Sieb.

Alikuwa jikoni kwake mjini Jena, akimenya viazi, simu ikalia. Alikuwa Burkhard, aliyewahi kufundisha naye chuo kikuu.

"Hongera, bibie! Umejifungua kimyakimya."

"Nimejifungua nini tena?"

"Toleo jipya! Dunia nzima inalipakua, wewe unaniuliza mimi?"

Gerlinde aliacha kisu kwenye maji ya viazi, akaenda kwenye kompyuta. Kweli lilikuwepo. Sieb ilikuwa programu ndogo ya bure: inalinganisha kazi ya jana ya mwandishi wa programu na ya leo, inamwonyesha palipobadilika. Gerlinde aliianza peke yake miaka ishirini na moja iliyopita. Mtu yeyote aliruhusiwa kuichukua, kuitumia, kuirekebisha. Lakini kutoa toleo jipya, hilo lilikuwa lake.

Akasoma orodha ya wasimamizi. Jina lake halimo. Akashuka mpaka chini kabisa, akakuta mstari mmoja: "Tunamshukuru Gerlinde Rauch kwa miaka yote. Sasa anapumzika."

Akajaribu kuingia. Nywila ikakataliwa. Akajaribu tena, herufi moja moja, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba yake mwenyewe. Ikakataliwa.

"Ni Fink," alimwambia Burkhard, aliyekuwa bado kwenye simu. "Nilimpa funguo mwenyewe."

Hakuwahi kumwona huyo Fink. Alimjua kwa barua pepe tu. Alijitokeza miaka miwili nyuma, wakati watumiaji walipokuwa wakimtukana Gerlinde kwa kuchelewa kurekebisha hitilafu. Fink hakutukana. Alileta hitilafu pamoja na dawa yake, bila kuombwa. Wenye kelele aliwajibu yeye. Na kila mwisho wa barua aliuliza jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliuliza: "Umekula leo, Bi Gerlinde? Umetoka nje hata kidogo?"

Taratibu Gerlinde akaanza kumweleza mambo yake. Alimweleza habari za mwanawe Henning, ambaye tangu Holger, mtalaka wake Gerlinde, afariki kule Rostock, hakupiga simu hata mara moja. Mwaka wa sita sasa. "Kosa langu silijui," aliandika. "Ana moyo mgumu, kama wa baba yake."

Fink alinyamaza siku nne. Aliporudi, aliandika habari za hitilafu tu.

Mwezi Machi Gerlinde alipasuliwa kifundo cha mkono, akawa hawezi kuandika. Ndipo alipompa Fink kila kitu: nywila, sahihi ya kuidhinishia matoleo, vyote. Fink hakuwa ameomba. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Kuna kampuni nyuma yake," alisema Burkhard. "Ndivyo wanavyofanya. Wanakutumia mtu mpole, anakaa, anakunywa chai, siku moja unakuta kitanda chako kiko barabarani."

"Na mimi niliyefundisha watu miaka thelathini, nimenaswa kama kifaranga."

"Atazungumza mjini Chemnitz Jumamosi, kwenye mkutano wa programu huria. Nimeona ratiba. Lakini usiende peke yako, Gerlinde. Una hasira."

"Nitakwenda peke yangu."

Alipanda treni akiwa na barua zote za Fink, amezichapa na kuzitia mkobani: kurasa mia mbili na kumi. Njiani alizisoma upya akitafuta uongo. Hakuupata, na hilo likamzidishia uchungu. Kila "umekula leo?" sasa aliiona ni chambo.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Watu walimtambua, wakasogea wakampa kiti cha mbele. Wengine wakampigia makofi.

"Umefanya la maana, Bi Rauch, kumwachia mwingine," alisema jirani yake. "Kuna wenzako wanang'ang'ania mpaka watolewe kwa machela."

Gerlinde akazitoa karatasi mkobani.

Mbele, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu aliinamia meza akiunganisha waya, amewapa wasikilizaji mgongo. Gerlinde hakungoja ageuke. Alisimama na rundo lake la karatasi.

"Wewe Fink! Nilikufungulia mlango. Nimekuambia mambo ambayo sijamwambia mtu. Halafu unanitoa kwangu kama mwizi, hata kwaheri hunipi! Geuka wakuone. Nani amekutuma?"

Yule mtu akaweka waya mezani, akavua kofia, akageuka.

Karatasi zikamponyoka Gerlinde.

"Hakuna aliyenituma, mama," alisema Henning. "Siku tunamzika baba uliniandikia kwamba huwezi kuja, toleo la saba linatoka. Sasa huna toleo. Twende ukalione kaburi."