Chai Isiyo na Sukari

Tangu Shaweji apooze na kupoteza kauli, kikohozi ndicho alichobaki nacho badala ya maneno. Akikohoa mara moja, mkewe, Bi Mwanahija, humpa maji. Akikohoa mara mbili, chai haijakolea sukari. Lakini sasa alikohoa kutwa, mbavu zikamuuma hata kugeuzwa hawezi, ndipo Bi Mwanahija akakubali kumwita nesi.

Nesi Perpetua akamnywesha mgonjwa kijiko cha dawa.

"Hii haigusi kifua, mama," alisema. "Inakwenda kwenye ubongo, pale inapotoka amri ya kukohoa, inapatuliza."

"Basi umemfunga mdomo mume wangu."

"Kikohozi kinachomjia chenyewe ndicho kitakachotulia. Anachokohoa kwa kutaka mwenyewe, huenda kikabaki."

Miezi minane Bi Mwanahija alikuwa akiongea na mumewe, akimtania, akibishana naye mpaka anachoka. Hakuwahi kujiuliza kama alikuwa akijibiwa.

Alasiri chumba kilikuwa kimya. Shaweji alikuwa macho, kifua kikipanda na kushuka taratibu. Bi Mwanahija akamwegemeza kwenye mito, akamletea chai ambayo safari hii hakuitia hata chembe ya sukari, akamsogezea kikombe mdomoni.

Shaweji akapiga funda moja, akameza, akamtazama.

Bi Mwanahija akasubiri akohoe mara mbili. Mkono wake wa pili ulikuwa umeshika kijiko cha sukari, kimejaa pomoni, na punje zilikuwa zikimwagika juu ya shuka.