Mapazia ya Damu ya Mzee

Makochi ya Fabian yaligoma kupita mlangoni. Yalikuwa manene, yamenakshiwa dhahabu mpaka miguuni, na yalikuwa yamesafiri kwa lori kutoka Dar es Salaam. Mafundi wakaanza kung'oa fremu ya mlango.

"Taratibu jamani," Gladys alinong'ona. "Baba anaumwa."

Tuseme ukweli: huku Kibosho nyumba ya mzee haikarabatiwi mpaka mzee aanze kukohoa. Mzee Wenseslaus alikuwa amekohoa vya kutosha, na goti nalo likamlaza. Kisha akawapigia simu wanawe watatu, mmoja baada ya mwingine, akiwa na sauti ya kukwaruza.

"Siku yangu imekaribia, mwanangu. Wageni watakuwa wengi na nyumba hii itanitia aibu. Padri nimeshaongea naye."

Gladys alilia palepale kazini, Arusha. Alimpenda baba yake kuliko alivyowahi kumwambia. Halafu akafuta machozi, akaanza kuwaza rangi ya kuta, maana waombolezaji wana macho, na mzee aliyewasomesha wote watatu kwa kahawa hawezi kuagwa kwenye sebule yenye masizi.

Shida ni kwamba kila mtoto alikuja na sebule yake kichwani.

"Dar nzima itapanda huku kuzika," alisema Fabian. "Wakae kwenye mabenchi?"

Gladys alitaka nyeupe na kijivu, chombo kimoja cha maua, basi. "Mtindo wa sasa ni utulivu."

"Utulivu gani? Hiyo wodi," alisema Jovin, kitinda mimba, anayelaza watalii kule Marangu. Yeye alileta mikuki, vibuyu na ngozi ya ng'ombe. "Hii ndiyo asili yetu."

"Asili ya wazungu wako," Gladys alimjibu. "Baba hajashika mkuki tangu azaliwe."

Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapa walikuwa watatu. Mwishowe wakagawana kuta kama watu wanaogawana kihamba, shamba la urithi. Sebule ikawa ikulu upande huu, hospitali upande ule, na makumbusho pale katikati.

Mgonjwa akaletwa kuikagua, akiegemea fimbo. Akatazama dhahabu. Akatazama mikuki. Akakohoa.

"Sawa," akasema. "Ila kitanda changu ni chembamba. Nataka sita kwa sita."

Gladys aligeukia ukuta ili asionekane. Mtu amejikunja kwenye kitanda kile tangu mkewe afariki, na sasa anataka kujinyoosha mara ya mwisho! Sita kwa sita ikaletwa siku hiyohiyo.

Mzee akaagiza suti yake nyeusi ipelekwe kwa dobi. Akaomba na mpiga picha, kwa sababu kwenye picha ya kitambulisho anatisha. Jovin akatoka kwenda kwenye migomba kupenga kamasi. Fabian, mtu wa vitendo, akaagiza jeneza la mninga kimyakimya, lenye vishikio vya dhahabu ili lisigombane na makochi.

Aliyewachosha wote ni Kornelia, mjane wa kihamba cha pili, ambaye watu humwita Mama Stella. Kila asubuhi alimletea mgonjwa mtori wa moto.

"Kunywa, meku," alimwambia mzee, akamsimamia mpaka bakuli liishe. Halafu siku moja akaja kusimama sebuleni, mikono kiunoni.

"Shikamoo, Mama Stella," Gladys alisema.

"Marahaba, mwanangu. Haya mapazia ya kijivu ni ya nini? Kama jivu la jikoni."

"Ni mtindo, mama."

"Mwache achague yeye," mzee alisema kutoka chumbani. "Mimi macho yangu yamechoka."

Mama Stella hakufikiri hata kidogo. "Damu ya mzee," akasema.

Rangi ni rangi, nyekundu iliyokolea tu, lakini kuitaja kwa jina hilo wakati kama ule kulimchoma Gladys moyoni. Angefanyaje? Huwezi kumbishia anayemlisha baba yako. Akashuka Moshi mjini, akanunua jora zima la kitambaa dukani kwa Ramnik. Na kwa kweli, mapazia yalipotundikwa, dhahabu na nyeupe na mikuki vikaonekana vimetoka ukoo mmoja. Gladys alikiri hilo kwa shingo upande.

Kipande cha kitambaa kilichobaki hakikuonekana tena. Kufa kufaana, Gladys akajisemea, akaacha kukitafuta.

Jumapili mzee akaomba apelekwe misani. Wanawe wakaelewa: anakwenda kuaga. Wakamkokota mpaka benchi la mbele akiwa ndani ya suti yake, amenyolewa, ananukia. Watu walikuja kuwashika mikono. Gladys alipokea pole zote, na kila pole ilimkata maini upya.

Baada ya komunyo, Padri alikunjua karatasi ya matangazo. Gladys akatayarisha leso. Alijua yanafuata maombi kwa ajili ya wagonjwa, akaushika mkono wa baba yake kwa nguvu. Ulikuwa na joto.

"Tangazo la ndoa, mara ya kwanza," Padri alisoma. "Wenseslaus, mgane, na Kornelia, mjane, wote wa jumuiya ya Mtakatifu Ana."

Upande wa pili, Mama Stella alisimama ili watu wamwone. Gauni la damu ya mzee lilikuwa limemkaa vizuri.