Sakafu ya Stoo

Siku hizi nyumba hairithiwi mpaka udongo wa sakafu yake upimwe, ijulikane walioishi humo waliishi vipi. Mghoi alikuwa ameisiriba stoo upya, lakini mpimaji alichimba chini zaidi.

"Stoo kuna majivu na mabaki ya chakula, tabaka juu ya tabaka," alisema. "Mtu amepika na kulala humo miaka sita."

Mwakio, aliyekuwa ng'ambo kikazi miaka hiyo yote, alimgeukia mkewe. "Si uliniambia mama anakula nanyi mezani?"

"Alikuwa akikohoa. Niliwahofia watoto."

"Miaka sita, Mghoi?"

Mwakio aliingia stoo, akapiga magoti, akaweka kiganja udongoni. Mghoi alibaki mlangoni. Alitaka kuomba radhi, lakini wa kuombwa alikuwa amezikwa Jumanne.