Maziwa Kutoka Endulen

Mama mkwe wa Nashipai aliweka kibuyu cha maziwa juu ya kaunta ya mkahawa wa pale Karatu, katikati ya vikombe.

"Kunywa, twende," alisema. "Gari la Endulen halitakungoja."

Katika boma lao la Kimaasai huko Endulen, mke aliyekimbia huletewa maziwa. Akiyanywa, kesi imekwisha, na hakuna atakayeuliza tena nani alimpiga nani. Nashipai alishayanywa zaidi ya mara moja.

"Yeyo, mama, niko kazini."

"Kazi gani? Kuwapikia wageni majani yaliyoungua?" Mama mkwe akasonya. "Mwanangu akija mwenyewe, hutabaki na mkono wa kushikia kikombe."

Nashipai akautazama mkono wake wa kushoto, ambao kiwiko chake hakijanyooka tangu masika. Akafungua kibuyu. Harufu ya moshi wa kukifukizia ikampanda puani, ile ile ya nyumbani, na mama mkwe akatabasamu.

Akayamimina maziwa kwenye jagi la chuma. Akafungulia mvuke, mashine ya kahawa ikapiga kelele, maziwa yakaumuka povu. Akakoroga kwa maji ya moto unga wa chai ya Kijapani iliyokaangwa, mwekundu kama udongo wa njiani, kisha akamimina maziwa juu yake polepole, mkono umetulia.

"Unafanya nini, mwendawazimu wewe?"

Nashipai akakisukuma kikombe hadi mbele ya mama mkwe.

"Karibu, mgeni," alisema. "Kunywa kingali moto."