Kitasa cha Chiriku

Weka kikombe chini kwanza usije ukajimwagia, maana hii hutaiamini, na imetokea kweli.

Asubuhi ile Chiriku alitoka nyumbani mbio, viatu mkononi. Mama yake akamwita kutoka mlangoni, mdogo wake Chiriku wa mwisho anakohoa mgongoni.

“Mwanangu, ngoja, nina neno na wewe. Kuhusu hiki chumba…”

“Baadaye, mama! Leo mtihani!”

Na ulikuwa mtihani kweli. Mradi wa kuwafundisha kazi vijana wa mtaani ulimpa kila mmoja fundi wa kumlea. Fundi wa Chiriku, mzee wa vitasa, alikuwa na nafasi moja tu ya ajira. Tengeneza kitasa kisichofunguka ila kwa ufunguo wake, umeipata.

Karakana ile ina desturi yake. Kila mwanafunzi anachora alama yake chini ya tundu la ufunguo, ili kitasa kikifunguka kijinga, ajulikane wa kuchekwa. Alama ya Chiriku ilikuwa nyota.

Akapanga pini, akapiga tupa, jasho likamdondoka puani. Fundi akajaribu kukifungua kwa waya, kwa bisibisi, hadi kwa ufunguo malaya, ule unaofungua kila mlango. Wapi! Kitasa kimenuna.

“Binti, hiki bila ufunguo hata wewe mwenyewe hukiwezi.”

“Si ndiyo raha yake, fundi!”

“Basi ajira ni yako. Na kitasa kinaondoka sasa hivi. Kuna mwenye nyumba ana wapangaji wabishi, hawataki kuhama.”

Chiriku akacheka mpaka akashika mbavu. “Leo watalala na mbu!”

Karakana nzima ikaangua kicheko. Kitasa kikaenda, na ufunguo wake.

Jioni akarudi nyumbani anarukaruka, habari imemjaa mdomoni. Mama alikuwa nje, amekaa kwenye ngazi, mtoto mapajani. Kifua cha mtoto kinapiga filimbi.

“Afadhali umekuja. Nimeenda dukani tu, narudi, ufunguo wangu haufungui. Na dawa yake ya kifua iko ndani. Si wewe ndiye fundi wa vitasa, mwanangu? Fungua.”

Chiriku akatoa waya mfukoni, akapiga magoti mbele ya mlango.

Chini ya tundu la ufunguo palikuwa na nyota.

Nyuma yake akamsikia mama anambembeleza mtoto: “Vumilia, baba. Dada yako anafungua.”

Niambie, wewe ungefanya nini?