Njia Tatu za Kwenda Hamburg

Nazario alizitambua zile pumzi kabla mteja hajasema neno. Zilikuwa za mama yake, Ersilia, ambaye huikimbilia simu akiwa bado anahema kwa kupanda ngazi.

"Huduma ya safari, mhudumu namba kumi na nne," alisema, akiifanya sauti yake kuwa nzito. Majina hayakuruhusiwa kutajwa. Simu zilirekodiwa, na aliyezungumza mambo ya kwao alinyang'anywa kiti siku hiyohiyo.

"Nataka kwenda Hamburg kumwona kitindamimba wangu," alisema mama. "Mwaka wa tatu huu yuko huko, fundi wa meli. Hunipigia kila Jumatatu, dakika kumi, haizidi hata moja. Naanzia Napoli. Nipande nini?"

Kitindamimba huyo alikuwa Nazario mwenyewe. Hakuwahi kuuvuka mpaka hata mara moja, na meli zote alizotengeneza zilikuwa za mdomoni. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia kwenye waya wa simu. Mama akifika kule, ataukuta ukweli akiwa peke yake kwenye stesheni ya ugenini. Ilibidi amzuie, na hakuwa na kitu cha kumzuilia ila ratiba.

"Ndege ni ya haraka, mama, lakini utabadilisha Munich. Na mafuta ya zeituni watayachukua."

"Na taralli zangu, vile vibiskuti vya pilipili manga, je?"

"Hizo zitapita."

"Na basi?"

"Saa thelathini. Miguu itavimba."

"Kijana, nimezaa wanne bila ganzi. Utanitisha na basi?"

Kando yake, mhudumu mwenzake Dritan alikuwa akimweleza mtu habari za feri za kwenda Ugiriki, saa kwa saa, yeye ambaye hajaiona bahari kwa miaka minane. Ndivyo walivyokuwa wote chumbani humo. Waliijua Ulaya nzima kama viganja vyao, na hakuna aliyekuwa na tiketi. Nazario alitazama dirisha, lililokuwa juu mno, akarudisha macho kwenye kompyuta.

"Ipo treni. Napoli hadi Milano, saa tano. Halafu Zurich, halafu Basel, halafu siku nzima tena. Kwa umri wako, mama, mimi ningemwambia yeye ndiye aje."

"Hawezi kuja."

"Umemuuliza?"

"Mtoto akibanwa humuulizi mbona haji. Unamfuata."

Alitaka kuikata simu. Kidole kilifika kwenye kitufe kikagoma. Alimwonea huruma mama yake, akajichukia mwenyewe.

"Hiyo ya Milano," mama aliendelea, "Alhamisi ina nafasi?"

"Ipo. Lakini Milano si Hamburg, mama. Hapo bado hujafika popote."

"Nishikie kiti kimoja. Dirishani."

"Na cha kutoka Milano kwenda mbele?"

"Hicho acha. Nashukia hapohapo."

Vidole vya Nazario vilisimama juu ya herufi. Upande wa pili, pumzi zilikuwa zimetulia.

"Sasa niambie, Nazario," alisema mama polepole, "kutoka stesheni mpaka gerezani kwenu ni basi namba ngapi? Na taralli, hapo langoni zitapita?"