Nia ya Misa ya Mwaka Mpya

Asubuhi ya mwaka mpya, kabla misa haijaanza, katekista wa Mwakitolyo alimwinamia Paskazia pale kwenye benchi.

"Mama, nia ni ile ile? Tumwombee mzee aokolewe?"

Tangu mkesha wa Krismasi, duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilipotitia na kumfukia mumewe, kila ibada walikuwa wakiomba hivyo. Jana wachimbaji waliokuwa wakimtafuta walitoka shimoni, wakakunja kamba zao. Walimpa pole tu, wakapita.

Paskazia alitazama kucha zake. Udongo mwekundu ulikuwa bado umeganda humo, maana naye alifukua kwa mikono yake. Alikuwa amesugua mpaka ngozi ikachubuka.

"Mwombeeni marehemu," alisema.

Mama mkwe wake, aliyekuwa amemshika mkono tangu waingie kanisani, akauachia.

"Mwanangu hata maiti yake hujaiona," alisema, "nawe umeshamzika?"

Akajitanda khanga, akahamia benchi la nyuma kabisa.

Kwaya ikaanza kumshukuru Mungu aliyewavusha mwaka salama. Paskazia akasimama, kwa kuwa watu wote walikuwa wamesimama.